Maumivu Yasiyoonekana Labo: Sisi Watatu na Kinini cha Jioni

Wamama wapendwa, siku ya mkutano wengi mlituuliza mbona tumeanza kunywa kinini kila jioni kama watu wenye tansio. Wengine waliuliza kwa upendo, wengine kwa pembeni, na kuna waliokwisha kujijibu wenyewe kabla hatujafungua mdomo. Tumeona heri tuandike hapa, kwa sababu jambo likizungushwa kutoka paseli moja hadi nyingine hurudi kwa mwenyewe likiwa na mikia mitatu.

Sisi ni watatu. Mmoja anafundisha mwaka wa nne katika shule ya msingi, wa pili anauza samaki kwenye ukingo wa Lualaba, na wa tatu anashona nguo nyumbani kwake Alunguli, ng'ambo ya mto. Hatukujuana kwa ajili ya ugonjwa. Tulijuana kwa ajili ya likelemba. Ugonjwa tuliugundua siku moja tulipomaliza kuhesabu pesa, kila mmoja akanyanyuka kwenye kiti kwa kushika meza kama bibi wa miaka themanini, na hakuna hata mmoja wetu aliyefika arobaini na tano. Tukaangaliana. Kalamu ameishika mwalimu, ila yaliyoandikwa hapa tumeyasoma wote watatu, na mshonaji amefuta mistari miwili aliyosema ni ya kujisifu.

Maumivu yenyewe tuyaeleze namna gani? Si kama ya jino. Si kama uchungu wa kuzaa, ambao una mwanzo na mwisho na mtoto mkononi. Haya yanahama. Leo ni mabega na shingo, kesho nyonga na mapaja, keshokutwa mikono yote miwili, hata kukamua nguo kunakuwa adhabu. Mtoto akikurukia kwa furaha unaumia kama umepigwa. Unalala saa nane, unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Halafu kuna ule ukungu wa kichwani: mwalimu anasimama mbele ya ubao na jina la mwanafunzi aliyemfundisha tangu Septemba linampotea, muuza samaki anahesabu chenji mara tatu na wateja wanaanza kunung'unika. Na juu ya yote, mtu akikutazama anakuona mzima. Hakuna uvimbe, hakuna kidonda, hakuna homa. Unapika, unafua, unaenda kanisani. Basi nani atakuamini?

Kwetu Kindu mwili ukiuma jibu la kwanza ni malaria, na la pili ni tifoidi. Si ajabu, malaria ipo kweli na inaua watoto wetu. Lakini tulitibiwa malaria mara ngapi, na maumivu yalibaki palepale! Tifoidi nayo mara nyingi hutafutwa kwa kipimo cha Widal, ambacho kilianza mwaka 1896, na mpaka leo hakitenganishi vizuri mtu anayeugua sasa na yule aliyeugua zamani. Baada ya hapo likaja jina la rimatisme, na pamoja nalo sindano. Mmoja wetu, katika kituo kimoja cha afya, alichomwa diclofenac siku tano mfululizo, akapumzika wiki mbili, akarudi, akachomwa tena. Hakuna aliyemuuliza kama tumbo linamwasha, na lilikuwa linamwasha. Mwingine alipewa dexa. Dexa mnaijua, wamama, wako wanaoinunua ili wanenepe mashavu. Kwa siku nne alijisikia msichana, siku ya kumi alikuwa amevimba uso na maumivu yamerudi yote.

Hatusemi diclofenac ni sumu. Kiungo kikiwa kimewaka moto kweli, au umeteguka mguu, ina kazi yake. Tunachosema ni kwamba maumivu haya yetu si ya namna hiyo, na dawa ya kuzima moto haizimi mahali pasipo na moto.

Tuliyempata mwishowe ni daktari kijana, si bingwa wa viungo, daktari wa kawaida tu, ila alikuwa na subira. Kwanza alitaka kujua kama kuna ugonjwa mwingine uliojificha. Alipima damu kuona kama imepungua, akapima sukari, akapima kasi ya kushuka kwa chembe za damu ili kuona kama kuna uvimbe ndani ya mwili, akaangalia dalili za tezi ya shingo, akaomba na kipimo cha virusi vya ukimwi, ambacho tulikikubali bila kelele. Akabonyeza viungo vya vidole kimoja kimoja kutafuta ule ugonjwa wa viungo unaovimbisha na kupinda vidole. Hakuna. Halafu akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza: mnalala namna gani? Mkiamka mnajisikiaje? Maumivu yako upande mmoja wa mwili au pande zote mbili, juu na chini ya kiuno? Yameanza miezi mingapi? Kwa mshonaji jibu lilikuwa miaka sita.

Akasema: fibromialjia.

Mwalimu, kama kawaida ya walimu, alilikata neno vipande: nyuzi, misuli, maumivu. Jina halielezi sana kuliko sisi tulivyokuwa tukisema, "mwili mzima unauma". Lakini kuwa na jina ni jambo kubwa. Muuza samaki alilia pale pale, na daktari akadhani ameogopa. Hakuogopa. Alikuwa amesikia kwa mara ya kwanza kwamba hajiumizi kwa mawazo.

Alitueleza hivi. Maumivu ni kama redio. Mwili unatuma sauti, ubongo na uti wa mgongo vinaipokea. Kwa mtu mwenye fibromialjia, kifungo cha kuongeza sauti kimekwama juu. Mguso mdogo unasikika kama kelele. Misuli haikuharibika, mifupa haikuharibika, ndiyo maana picha ya eksrei haionyeshi kitu. Kilichobadilika ni namna mishipa ya fahamu inavyopokea habari. Zamani madaktari walikuwa wakibonyeza sehemu 18 za mwili, na zikiuma 11 wanalitamka jina. Hiyo ilikuwa kanuni ya Wamarekani ya mwaka 1990. Tangu 2010 hawalazimishi tena kubonyeza, wanauliza maumivu yameenea wapi, na usingizi, uchovu na kichwa vikoje. Ugonjwa huu unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na hauchagui nchi. Lady Gaga, mwimbaji wa Marekani ambaye watoto wetu wakubwa wanamjua, alisema hadharani mwaka 2017 kwamba anao, na mwaka uleule akasimamisha safari yake ya kuimba Ulaya. Tulipomwambia muuza samaki, akauliza kama na yeye anaweza kusimamisha safari za kuvuka mto.

Daktari aliuliza pia kuhusu maisha yetu. Hapo tulinyamaza kidogo. Wawili kati yetu tulikuwa watoto Oktoba 1998 vita vilipoingia Kindu, na tulikuwa hapa miaka ile watu walipoogopa kwenda mashambani na unga ukawa kama dhahabu. Wa tatu ana habari zake ambazo hatutaandika. Daktari alisema maumivu ya namna hii huwapata zaidi watu waliopita mambo mazito, lakini si kila mwenye ugonjwa huu amepita vitani, na si kila aliyepita vitani anaugua. Akaongeza kwamba hilo halifanyi maumivu kuwa ya uongo. Tulimshukuru kwa hilo. Hatukupenda tutoke pale na lebo nyingine kifuani.

Sasa dawa. Inaitwa amitriptilini. Ni ya zamani, imeanza kutumika tangu mwanzo wa miaka ya 1960, na iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, ndiyo maana hata farmasi zetu zinaweza kuwa nayo. Kinini kimoja mara nyingi ni miligramu 25. Daktari alituandikia nusu, jioni tu. Nusu! Mshonaji, aliyezoea mfuko uliojaa dawa za rangi zote, aliona kama ametaniwa.

Shida ilikuja nyumbani. Mume wa mmoja wetu ni mtu wa kusoma, anasoma hata karatasi ya sabuni. Akachukua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, akaisoma chini ya taa yote, upande wa mbele na wa nyuma. Akaja jikoni.

"Mama watoto, hii dawa ni ya wagonjwa wa akili."

"Baba, daktari amesema ni ya maumivu."

"Imeandikwa hapa. Dépression. Kwani wewe una wazimu?"

Kesho yake mama mkwe alikuwa amefika, na keshokutwa shemeji mkubwa. Kikao kikakaa. Wengine walitaka apelekwe kwenye maombi ya siku saba, mwingine akauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyekasirika. Mama mkwe, tunasema kwa heshima, ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko wote: "Sasa huyu mtoto akiacha hiyo dawa, ninyi mna nini cha kumpa asikie nafuu?" Wote wakanyamaza. Mume akakubali kwenda na mke wake kwa daktari.

Yaliyosemwa huko tunayaandika hapa kwa sababu yanaweza kumsaidia mama mwingine mbele ya kikao kama hicho. Ni kweli dawa hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye huzuni nzito ya ugonjwa, na wao hunywa kipimo kikubwa, mara nyingi miligramu 75 na zaidi kwa siku. Baadaye madaktari waliona kwamba kwa kipimo kidogo inafanya kazi nyingine: inawasaidia wale wajumbe wa mishipa ya fahamu wanaoteremsha sauti ya maumivu, na inaurudisha usingizi mzito. Dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili, kama vile chumvi inavyotia ladha kwenye samaki na pia inamhifadhi asioze. (Mfano huo ni wa muuza samaki, na daktari alisema ataukopa.) Na hata mtu anayeinywa kwa ajili ya huzuni ile nzito, huyo naye ni mgonjwa, si mtu wa kuchekwa. Hilo tuliliongeza sisi, kwa sababu tunajua nyumba ambamo mtu wa namna hiyo anafichwa.

Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, tusidanganyane. Mdomo ulikauka kama tumekula vumbi la chaki. Asubuhi kichwa kilikuwa kizito. Maumivu? Yaleyale. Hapa ndipo wengi wanaacha, maana wamekwisha kulipa, wameona ubaya wote na hawajaona wema hata mmoja. Daktari alikuwa ametuonya mapema: ubaya wa dawa hii unakuja siku ya kwanza, wema wake unakuja wiki ya pili, ya nne, hata ya sita. Tulikuwa na faida moja kubwa, tulikuwa watatu. Kila jioni mmoja anamtumia mwenzake ujumbe kwenye simu: umekunywa? Na asubuhi: umelalaje?

Kwa muuza samaki hatari ilikuwa ya kweli. Yeye huamka saa tisa za usiku, anavuka kwa mtumbwi kwenda kuwapokea wavuvi. Alikuwa akinywa kinini saa nne usiku anapolala, na saa tisa dawa ilikuwa bado imemshika. Siku ya tano alisinzia katikati ya Lualaba na beseni likiwa mapajani. Mpiga kasia alimshika bega. Mtu mwingine angetupa dawa mtoni asubuhi ileile, na tusingemlaumu. Yeye alikwenda kwa daktari na harufu yake ya samaki, akaeleza. Jibu lilikuwa rahisi kuliko tulivyofikiri: kunywa saa kumi na mbili na nusu ya jioni, mara baada ya chakula, usingoje kitanda. Na kwa wiki mbili binti yake mkubwa alivuka badala yake. Tangu wakati huo anaamka macho makavu.

Mshonaji yeye alipata jambo lingine. Wiki ya tatu maumivu yalianza kupungua, daktari akampandisha kutoka nusu hadi kinini kizima. Mabega yakalegea. Siku nane baadaye hakuweza kutia uzi kwenye sindano. Dawa hii inaweza kutia ukungu machoni, hasa kwa kitu kilicho karibu. Sasa fikirini: mwanamke amengoja miaka sita mabega yapumzike, yamepumzika, lakini macho yanayomlisha hayaoni tundu la sindano, na sikukuu ya shule inakaribia, sare arobaini ziko mezani. Alichagua. Amerudi kwenye nusu, kwa ruhusa ya daktari. Maumivu yamebaki kiasi, yeye mwenyewe anasema sehemu tatu kati ya tano za yale ya zamani. Anatia uzi mwenyewe. Kuna siku anatuambia angependa angekuwa mwalimu ili anywe kizima, na mwalimu anamjibu aje asimame mbele ya watoto sabini kabla hajatamani.

Maana darasa nalo lina mambo yake. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure Septemba 2019 watoto wamejaa, na tunafurahi kwamba wamejaa, lakini mwalimu hakai chini tena. Wiki mbili za mwanzo, hesabu za asubuhi zilikuwa mlima. Alibadilisha ratiba: kusoma kwa sauti kwanza, watoto wakisoma kwa zamu, hesabu baada ya mapumziko. Direkta hakupinga. Wiki ya tano ikatokea kitu kidogo ambacho mtu mzima mwenye afya hawezi kukielewa. Aliamka saa kumi na moja, akakaa kitandani, akangoja maumivu yaje kama kila siku, na yakachelewa. Yalikuja, lakini alikuwa amekwisha kuwasha moto na kuosha vyombo.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa tunaandika yale ambayo hayafai kuchekewa.

Kabla ya kuanza, daktari alisikiliza moyo na kuuliza kama kuna aliyewahi kuzimia au kuwa na moyo unaokwenda mbio. Dawa hii haifai kwa mwenye moyo unaopiga vibaya, na mwenye aina fulani ya presha ya macho inaweza kumpofusha. Mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kifafa, mwenye ini bovu, lazima aseme kwanza. Pombe na dawa hii havikai nyumba moja. Tramadol pia, ambayo siku hizi tunaiona hata mikononi mwa vijana wa pikipiki, ukiichanganya na amitriptilini bila daktari kujua inaweza kukuletea kutetemeka, joto na degedege. Na kama umeinywa muda mrefu usiiache ghafla, inashushwa polepole.

Malaria. Hili watu wengi hawaambiwi. Tukipata malaria, na hapa Kindu tutapata, tunamwambia infirmiye kabla hajaandika: ninakunywa amitriptilini. Kwa sababu ile dawa ya malaria ya arteme na lumefantrini, na hata kwinini, zinagusa mapigo ya moyo kama amitriptilini inavyoyagusa, na lumefantrini inaweza kuifanya amitriptilini ikae mwilini zaidi ya kawaida. Si kwamba usitibiwe malaria, Mungu apishe mbali. Utatibiwa, lakini anayekutibu ajue, achague dawa au akusimamishie kinini cha jioni kwa siku chache. Muuza samaki ameandika jina la dawa kwenye kikaratasi, amekiweka nyuma ya kadi yake ya uchaguzi, kwa sababu, anasema, kadi ile hawezi kuisahau nyumbani.

La mwisho katika haya, watoto. Kinini hiki ni kidogo, na plaketi ni mchezo mzuri kwa mtoto wa miaka miwili. Vinini vichache tu vinaweza kumuua. Sisi tumeviweka juu, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na kiberiti na sukari ambavyo kila mtu anavitafuta.

Kuna dawa nyingine mbili ambazo mtasikia majina yake: duloksetini na pregabalini. Marekani ilizikubali kwa ugonjwa huu mwaka 2007 na 2008. Ulaya iliikataa duloksetini kwa kazi hii, ikisema faida haitoshi. Kwa hiyo hata wakubwa hawakubaliani. Kwetu swali ni jingine kabisa. Vitu vingi vya Kindu vilikuwa vinakuja kwa ndege kutoka Goma na Bukavu, na tangu miji hiyo ilipochukuliwa na M23 mwanzoni mwa 2025 tunategemea zaidi Kinshasa, na bei inapanda pamoja na ndege. Mtu akikuandikia dawa ambayo utaipata mwezi huu na kuikosa mwezi ujao, muulize kwanza itakuwaje siku itakapokatika. Amitriptilini kwa mwezi inatugharimu pungufu ya zile sindano za zamani ukijumlisha na pikipiki za kwenda na kurudi. Tunanunua ya miezi miwili, kutoka mfuko wa pembeni wa likelemba, na tarehe ya mwisho tunaisoma kabla ya kutoa pesa.

Daktari alisema kinini ni nusu ya matibabu. Nusu nyingine ni mazoezi ya mwili. Hapo muuza samaki alicheka mpaka akashika mbavu. Mazoezi? Yeye anayebeba beseni kichwani kila siku, anayechota maji, anayetwanga sombe? Swali lake lilikuwa la haki, na tulikaa nalo. Jibu, tulivyolielewa, ni kwamba mzigo si mazoezi. Mzigo unakukaza, unakupiga shingo, na siku ukiwa na nguvu unafanya kazi ya siku tatu kisha unalala kitandani siku mbili. Mazoezi ni kutembea bila kitu kichwani, kwa kipimo kilekile siku njema na siku mbaya, dakika kumi kwanza, kisha kumi na tano. Madaktari wa Ulaya walipopima matibabu yote ya ugonjwa huu mwaka 2016, ni mazoezi tu waliyoyasimamia kwa nguvu zote. Dawa, pamoja na hii yetu, walizipa nguvu ndogo. Na zile za jamii ya dexa walizikataa kabisa. Tulipomsomea mshonaji hayo, alisema wazungu wamechelewa, uso wake ulikuwa umekwisha kumwambia.

Mwanamke kutembea Kindu bila mzigo na bila sababu ni jambo la kuulizwa. "Unakwenda wapi?" "Sendi popote." Mtu anadhani umegombana na bwana. Tukaamua kutembea pamoja, watatu wakiwa njiani inaonekana wana shughuli.

Usingizi nao tumeupigania. Mwaka 1975 huko Toronto, Harvey Moldofsky na wenzake waliwachukua watu wenye afya, wakawa wanawasumbua kwa kelele kila walipoingia usingizi mzito, bila kuwaamsha kabisa. Baada ya siku chache watu wale walianza kuumwa misuli na kuchoka. Tuliposoma hayo tuliangaliana tena. Kelele za namna hiyo sisi tunapewa bure: jenereta ya jirani, baa yenye muziki hadi saa nane, na makesha yenye spika zilizoelekezwa barabarani. Sisi sote ni watu wa sala na hatupingi kesha. Tulimwendea mchungaji mmoja, tukamwomba spika zigeuzwe ndani baada ya saa nne. Alisema Mungu anasikia na wasiookoka wanapaswa kusikia pia. Tukamwambia wasiookoka wa mtaa ule wanauza dukani na wangependa kulala. Amegeuza spika moja. Ya pili bado tunaizungumza.

Mmoja kati ya ninyi alituuliza kama tumepona. Hatujapona. Ugonjwa huu haumalizi mtu, hauvunji mifupa, wala hauendi zake. Wiki iliyopita mvua ya siku tatu iliturudisha wote chini, na mwalimu alifundisha akiwa ameegemea ubao. Daktari atatuona tena mwisho wa mwezi wa tatu tangu tuanze, kuamua kama tunaendelea, tunabadilisha au tunashusha. Mume msomaji amesema atakuja naye, amekwisha kuandika maswali yake kwenye daftari la mtoto.

Tunatembea kila Jumamosi asubuhi, saa kumi na mbili kamili, kutoka kwenye gare ya treni hadi kwenye kivuko na kurudi, polepole, na tunapumzika mara mbili. Anayeumwa na asiyeumwa, aje. Usibebe kitu ila maji.